Mkono wa Kushoto wa Palwankar Baloo

Baba yangu alitunza uwanja wa kriketi hapa Mombasa kwa miaka 26, na katika miaka yote hiyo sikumbuki kumwona ameshika gongo la kupigia mpira. Kazi aliyoajiriwa kuifanya ilikuwa kukata nyasi, kumwagilia maji, kuvuta rola na kuchora mistari ya chokaa. Kazi ambayo haikuandikwa popote ilikuwa kurusha. Alasiri wanachama walianza kuwasili mmoja mmoja na magari yao, na kabla wenzao hawajatimia, kila aliyefika alitaka kupiga mipira michache kwenye neti. Anayepiga lazima apatikane wa kumrushia. Basi Baba aliitwa kwa jina lake, hata na watoto wadogo wa wanachama, bila shikamoo. Aliacha ndoo ya chokaa, akapangusa viganja kwenye suruali, akarusha mpaka adhana ya magharibi. Mimi na kaka yangu tulikuwa tukiokota mipira nyuma ya neti. Siku moja nilihesabu: mipira 214.

Baba alikuwa na shoto. Aliyelelewa pwani na shoto anajua alivyopata tabu. Chuoni maalim alimchapa kwa kuandikia mkono huo, na nyumbani bibi yake alimpokonya tonge. Mkono wa kushoto ni wa chooni. Haupokei kitu cha mtu, hautoi salamu, haugusi sahani ya pamoja. Baba alijifunza kula na kuandika kwa kulia kama watu wengine wote, lakini mpira aliendelea kuurusha kwa kushoto, kwa sababu hilo hakuna aliyemkataza. Na wanachama walimtaka hasa kwa ajili ya mkono huo. Mipira ya shoto huja kutoka pembe ambayo wapigaji wengi hawajaizoea, na asiyefanya nayo mazoezi huaibika siku ya mechi.

Nililikuta jina la Palwankar Baloo, mrushaji wa kriketi wa India ya zamani, miaka mingi baada ya Baba kustaafu. Nilikuwa nasoma habari za timu ya kwanza iliyokwenda Uingereza kwa jina la India nzima, mwaka 1911, na nilitarajia kusoma habari za maharaja. Maharaja yumo. Ila nilipofika kwa Baloo nilisimama nikasoma upya, nikatoka nje kidogo, nikarudi nikasoma tena.

Alizaliwa Dharwad mwaka 1876, katika jamii ya watengeneza ngozi. Kwa mpango wa matabaka ya Kihindu, hao waliwekwa nje kabisa ya ngazi, chini ya kila mtu. Mkono wao unashika ngozi ya mnyama aliyekufa, kwa hiyo ni najisi, na wanachokigusa kinanajisika. Waliitwa wasioguswa, wenyewe leo wanajiita Dalit. Akiwa kijana Baloo alipata kazi kwenye klabu ya kriketi ya Waparsi, Wahindi wenye asili ya Uajemi, huko Poona, akifagia na kupiga rola pichi, ule ukanda wa ardhi ngumu ambako mpira hutua, kwa rupia 3 kwa mwezi. Baadaye akahamia klabu ya Wazungu katika mji huohuo, ambako mshahara ulikuwa rupia 4. Huko akaanza kuwarushia mipira kwenye neti.

Klabuni alikuwapo mwanajeshi mmoja aliyeitwa J. G. Greig, mpigaji hodari aliyeichezea pia timu ya Hampshire kule kwao Uingereza. Inasimuliwa kwamba alifika mapema kuliko wenzake ili arushiwe na Baloo peke yake, na kila Baloo alipomtoa, yaani alipoikatisha zamu yake ya kupiga, Greig alimpa anna nane. Rupia moja ilikuwa na anna kumi na sita. Kwa mtu wa rupia 4 kwa mwezi, kumtoa Greig mara nane ni mshahara mwingine mzima! Inasimuliwa vilevile kwamba katika muda wote huo Baloo hakupewa nafasi ya kupiga hata mpira mmoja, maana gongo lilikuwa la mabwana. Hapo ndipo nilipotoka nje.

Wachezaji wa Kihindu wa Poona walikuwa na klabu yao, na walitamani sana kuwafunga Wazungu. Aliyewajua Wazungu hao mpira kwa mpira alikuwa huyu mfagiaji. Je, wamchukue? Walibishana, kisha wakamchukua kwa masharti. Uwanjani aliugusa mpira waliougusa wao. Wakati wa chai wenzake waliingia bandani wakanywa kwenye vikombe vya kauri, naye akapelekewa yake nje, katika kikombe cha udongo cha kutupwa baada ya kunywewa. Chakula alikula kando, kwenye sahani yake.

Mpira wenyewe wa kriketi umevikwa ngozi. Ni ngozi ya ng'ombe iliyokazwa na kushonwa, ile ile ambayo kwa kuishika, baba zake Baloo waliambiwa ni najisi. Watu wa tabaka la juu waliushika kutwa nzima, wakausugua kwenye nguo zao nyeupe, wakautemea mate ung'ae, na hakuna aliyekwenda kujitakasa. Aliyekataliwa kikombe ni mtu, si ngozi. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi, na hasira yangu bado haijatulia.

Baadaye Baloo alihamia Bombay, akapata kazi katika shirika la reli na nafasi katika timu ya Wahindu ya mji huo. Februari 1906 Wahindu waliwashinda Wazungu wa Bombay kwa mikimbio 109 (mikimbio ndiyo alama za kriketi), na Baloo alikuwa katikati ya ushindi ule. Habari zilienea nchi nzima. Utawala wa Waingereza ulisimama juu ya imani kwamba bwana hashindwi, na hapa bwana ameshindwa kwenye mchezo wake mwenyewe, kwa mkono wa mtu ambaye hata wenzake wa timu walimtengea kikombe.

Safari ya Uingereza ilichukua muda mrefu kuiva. Waparsi walikuwa wameshakwenda peke yao mara mbili: mwaka 1886 walicheza mechi 28 wakashinda 1, na mwaka 1888 wakacheza 31 wakashinda 8. Lakini timu ya India nzima ilikuwa jambo jingine. Jaribio la mwanzoni mwa karne lilivunjika, na sababu kubwa ilikuwa hesabu ya viti: Waparsi wangapi, Wahindu wangapi, Waislamu wangapi. Kila jumuiya iliogopa kumezwa na nyingine. Wasomaji wa Nairobi na Dar es Salaam wanaokumbuka viwanja vyetu vya zamani, klabu hii ya Wagoa, ile ya Waismailia, ile ya Wazungu, wataitambua tabia hiyo mara moja. Ilivuka bahari pamoja na magongo.

Kilicholifufua wazo ni siasa. Julai 1909 kijana wa Kihindi, Madan Lal Dhingra, alimpiga risasi afisa wa serikali, Curzon Wyllie, mjini London, akamwua. Magazeti ya Uingereza yakaanza kumtazama kila mwanafunzi wa Kihindi kwa shaka. Matajiri na wakuu wa India waliokuwa upande wa himaya walitaka kuonyesha sura nyingine, ya Wahindi wastaarabu waliovaa nyeupe na kupiga makofi mwenzao akicheza vizuri. Tena mwaka 1911 ulikuwa mwaka wa kutawazwa kwa Mfalme George V, na wakuu wengi wangekuwa London kwa sherehe hizo.

Nahodha akawa Bhupinder Singh, Maharaja wa Patiala, Sikh, kijana wa miaka 19. Chini yake waliwekwa Waparsi, ambao ndio waliokuwa wengi, kisha Wahindu, na Waislamu kutoka chuo cha Aligarh. Miongoni mwa Wahindu walikuwamo ndugu wawili, Palwankar Baloo na Palwankar Shivram. Baloo alikuwa na miaka 35, umri ambao warushaji wengi wameshaanza kuhesabu misimu iliyobaki.

Nahodha huyo hawakumpata sana. Alikuwa na wageni, karamu na kutawazwa kwa Mfalme, kisha afya ikamsumbua, na mechi alizocheza ni chache. Mbaya zaidi, aliondoka na K. M. Mistry, mpigaji bora wa kikosi, kwa sababu Mistry alikuwa katika utumishi wake na asingeweza kumwacha bwana wake ili akapige mpira Leicester. Uongozi wa uwanjani ukamwangukia Dkt. H. D. Kanga, Mparsi mwenye jina litakalomfanya mama yangu atabasamu. Timu ikapigwa. Ilianza Oxford mwanzoni mwa Juni, ikashindwa, ikaendelea kushindwa mji baada ya mji. Wachezaji wengi hawakuwahi kucheza siku tatu mfululizo, wakalala, wakapanda treni, wakacheza siku tatu nyingine na watu wapya, kwa wiki nzima nzima.

Baloo alicheza karibu kila siku. Hapa nawaomba wasomaji wasioujua mchezo huu wanivumilie, maana bila kuuelewa mkono wake hakuna cha kuelewa. Mrushaji wa kasi anamtegemea mpigaji achelewe. Baloo alikuwa mrushaji wa polepole. Mpira wake ulipanda juu ya macho ya mpigaji, ukaning'inia kana kwamba umesahau kushuka, kisha ukatua mapema kidogo kuliko alivyodhani na kugeuka. Wa kwanza unageuka kutoka ndani kwenda nje. Wa pili vilevile. Wa tatu unatoka kiganjani kwa sura ileile, halafu haugeuki hata kidogo, unaingia moja kwa moja kwenye vijiti vitatu anavyovilinda mpigaji. Siri yote iko katika kurudia. Lazima uweze kutua mahali pamoja, pa ukubwa wa sinia, mara ishirini mfululizo, ndipo mara ya ishirini na moja ubadilishe kitu asichokiona mtu. Uwezo huo haupatikani kwa kipaji pekee. Hupatikana kwa kumrushia mtu asiyechoka, kila siku, miaka na miaka, ilhali wewe huna ruhusa ya kumwambia zamu yake imekwisha. Klabu ya Wazungu ya Poona haikukusudia kumfundisha Baloo kitu. Ilimlipa rupia 4 ili afanye kazi ya mashine, na mashine ikawa bwana wa fani.

Wanaojua viwanja wataongeza jambo moja. Majira ya joto ya 1911 huko Uingereza yalikuwa ya moto na ukavu wa kukumbukwa. Warushaji wa polepole wa Uingereza hula vinono mvua ikinyesha, pale pichi inapolowa na kuanza kukauka, kwa sababu mpira unauma udongo na kugeuka vibaya. Pichi kavu na ngumu humpa raha mpigaji. Kwa hiyo mwaka ambao Baloo alipata nafasi ya kwenda ndio mwaka ambao ardhi haikumsaidia.

Dhidi ya chuo kikuu cha Cambridge aliwatoa wapigaji 8 kwa mikimbio 103 katika zamu moja, yaani karibu timu nzima. Leicester aliwatoa 11 katika zamu mbili, na India ikapata ushindi wake wa kwanza juu ya timu ya kaunti. Kisha ikaja Somerset, na pale aliyesimama ni mdogo wake. Shivram alipiga mikimbio 113 bila kutolewa, na Wahindi wakashinda wakiwa wamebakiwa na wiketi moja, yaani angetolewa mpigaji mmoja tu zaidi wangeshindwa. Hebu ifikirie picha hiyo: mpigaji wa mwisho yuko uwanjani, mpira mmoja mbaya na mechi imekwisha, na anayebeba mzigo ni kijana ambaye kwao kuna visima asivyoruhusiwa kuchota maji.

Mpaka safari inakwisha walikuwa wamecheza mechi 23: kushinda 6, kupoteza 15, sare 2. Si hesabu ya kujivunia. Lakini katika timu hiyo iliyofungwa mara 15, Baloo peke yake alipata wiketi 114, yaani aliwatoa wapigaji mara 114, kila moja kwa wastani wa mikimbio isiyofika 19. Alifanya hayo bega likimuuma.

Sijui kama kuna safari iliyopangwa kwa nia moja ikazaa matunda tofauti kiasi hiki. Waliotoa fedha walitaka kuonyesha utii wa India kwa taji, na maharaja wake wakiwa mbele. Msimu ulipofungwa, jina lililobaki midomoni mwa waliojua kriketi lilikuwa la mtu wa tabaka la chini kuliko yote kikosini.

Aliporudi Bombay, watu wa jamii yake walimfanyia mapokezi. Inaelezwa kwamba hotuba ya kumpongeza iliandikwa na kijana mwanafunzi aliyeitwa Bhimrao Ambedkar, yule ambaye baadaye alisimamia uandishi wa katiba ya India. Ambedkar mwenyewe alikuwa Dalit. Kwa vijana kama yeye, Baloo alikuwa ushahidi wa kushikika: hesabu za wiketi hazina tabaka.

Unahodha lakini hakupewa. Mwaka ulipita, mwingine ukaja, mashindano ya jumuiya za Bombay yakakua na kujaza uwanja kwa maelfu, na mrushaji bora wa Wahindu aliendelea kuongozwa na watu aliowazidi uzoefu. Mwaka 1920 mambo yalichacha hadi ndugu zake wakagoma kucheza. Ilipofika 1923, mdogo wake mwingine, Vithal, akawa nahodha wa Wahindu. Wakati huo Baloo alikuwa ameshaacha kucheza. Naona watu husimulia jambo hili kama ushindi wa familia, na ni ushindi kweli, lakini mimi nikilisoma namwona kwanza yule mkubwa, amekaa pembeni, anamtazama mdogo wake akitupa sarafu.

Poona haikumwacha. Septemba 1932 Gandhi alikuwa amefungwa katika gereza la Yerwada mjini humo, amegoma kula kupinga watu wa tabaka la chini kupewa orodha yao wenyewe ya wapiga kura, iliyotengwa na ya Wahindu wengine. Mkataba uliomaliza mgomo ule unaitwa Mkataba wa Poona, na kati ya majina yaliyotiwa saini limo la P. Baloo. Miaka mitano baadaye chama cha Congress kilimsimamisha katika uchaguzi wa Bombay dhidi ya Ambedkar, yule kijana wa hotuba. Ambedkar alipata kura 13,245, Baloo 11,225. Inaniuma kwamba watu wawili hao walipambanishwa. Baloo aliamini mambo yatabadilika kwa kukaa ndani na kucheza vizuri. Ambedkar alikuwa ameshachoka kungoja nje ya banda la chai. Nikijiuliza ningempa nani kura yangu, nasema Ambedkar, halafu najisikia kama nimemsaliti Baba.

Mji huohuo wa Poona, siku hizi Pune, Mkenya yeyote mpenda kriketi anaujua kwa sababu nyingine. Tarehe 29 Februari 1996, katika Kombe la Dunia, Kenya iliwafunga West Indies pale. Tulipata mikimbio 166 tu, wao tukawatoa kwa 93. Maurice Odumbe alikuwa nahodha na alipata wiketi 3 kwa mikimbio 15. Timu ile ilikuwa na Wahindi na Waafrika pamoja, na baadhi ya Waafrika wake waliupata mchezo kwa kukulia karibu na klabu za wengine, wakichungulia uani. Tulisikiliza kwa redio, mimi, Baba na majirani wawili. Sisi tulikuwa tunapiga kelele kuhusu Odumbe. Baba akauliza pichi inageuza mpira au haigeuzi.

Mwaka uliopita nilimsomea Baba habari za Baloo. Macho yake hayasomi tena vizuri, na hupenda kusomewa jioni, kahawa ikiwa mkononi. Nilimsomea yote: rupia 3, rupia 4, Greig na anna zake, kikombe cha udongo. Hapo kwenye kikombe hakusema kitu. Yeye alikuwa na kopo la bati lililoning'inia kwenye msumari ndani ya kibanda cha zana, na chai alipelekewa huko. Hakuna siku aliyoingia upande wa veranda isipokuwa kufagia.

Nilipofika kwenye wiketi 114 akanyanyua mkono nisimame.

"Miezi mingapi?"

"Mitatu, Baba, na kidogo."

"Polepole, kwa kushoto?"

"Kwa kushoto."

Aliweka kikombe chini. "Na bega lake?"

Nilikuwa sijafika huko. Nikamwambia lilimsumbua safari nzima.

"Enhe," akasema, akapitisha mkono wa kulia kifuani, akalishika lake na kulikanda taratibu, pale pale ambapo amekuwa akipaka dawa tangu mimi mtoto. "Endelea kusoma, mwanangu. Mechi ya Somerset uliipita haraka."